Adabu za Hoteli ya Napoli, Zilivyotumika Kivinje

Hoteli ya baba mdogo ilipata wageni wawili tu tangu ilipofunguliwa mpaka ilipofungwa, na wote wawili walikuja Kivinje kuniposa. Nasema hoteli ya kulala. Za kunywa chai tulikuwa nazo, na watu walipita asubuhi wakichungulia mlangoni kuuliza kama maandazi yameshaiva. Baba mdogo aliwajibu kwa upole wa kujilazimisha kwamba hapa haliuzwi andazi, hapa unauzwa usingizi. Walikwenda zao wakicheka. Katika mji ambao kila anayeshuka kwenye lori ana shangazi, au rafiki wa shangazi, na akiwakosa wote hao ana msikiti, kuuza usingizi ni sawa na kuuza maji ya chumvi kisiwani Songo Mnara.

Zilikuwa zama za Mwingereza, vita vikubwa vimekwisha, na watu wakisafiri tena. Baba mdogo alikuwa ameajiriwa jikoni kwenye meli ya mizigo iliyopakia mkonge Lindi. Meli ikaharibika mashine ilipofika Napoli, mji wa Wataliani, na kwa kuwa matengenezo yalichukua muda, mabaharia wakapangishiwa vyumba kwenye hoteli karibu na bandari. Wenzake walitoka kwenda kuutazama mji. Yeye aliitazama hoteli.

Mtu akirudi safari ya mbali huleta kitambaa, au angalau saa ya ukutani. Baba mdogo alileta nasaha. Kila baada ya sala ya alasiri alikaa barazani akawafundisha wazee wa mtaa namna ya kukaa katika hoteli ya Napoli, nao walimsikiliza kwa makini utadhani wanasafiri kesho. Ukifika, toa karatasi zako zote, mwenye meza ya mlangoni azishike. Usigombane naye, si polisi. Ukitoka, ufunguo mwachie yeye. Ndiyo maana wameufunga kwenye chuma kizito, ili ukiusahau mfukoni suruali ikukumbushe. Kahawa inywe umesimama, kwa sababu ukikaa tu bei inapanda. Usipike chumbani wala usiingize chakula cha nje. Baada ya chakula cha mchana usimgongee mtu mlango, maana Mtaliani akilala mchana hata mfalme humsubiri. Asubuhi utapewa mkate na kahawa. Usikae kungoja kitu kingine, hakiji.

Na ukiona beseni jeupe, la chini, karibu na choo, lenye bomba lake lenyewe, hilo ni la kutawadhia miguu. Beseni hilo ndilo lililowagusa wazee kuliko yote. Mmoja wao, aliyekwisha kuhiji, alitoa fatwa pale pale kwamba Uislamu uliwahi kufika Napoli, ila watu wamesahau wakabaki na beseni. Miaka mingi baadaye nilikuja kuelezwa kazi halisi ya beseni lile: mtu hulikalia akitoka chooni, akajisafisha. Baba mdogo alikuwa ameshazikwa, na nilishukuru kwamba hakupata kujua.

Nasaha zilipokuwa nyingi kuliko wasafiri, akaona afungue hoteli yake mwenyewe. Alichukua vyumba viwili vya mbele ya nyumba, vilivyokuwa ghala la nazi kavu, akavipaka chokaa, akaweka vitanda vya kamba na magodoro ya sufi. Kila mlango aliutia komeo kwa ndani, jambo ambalo fundi seremala aliliuliza mara mbili asije akawa amesikia vibaya. Mlangoni aliweka meza, na juu ya meza kengele ya baiskeli. Beseni hakulipata, akaweka karai.

Mimi nilikuwa msichana wa kuolewa. Baba alikuwa amefariki, na Mama na mimi tuliishi humo humo kwa baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa walii wangu, wa kuniozesha. Karibu na Idi alikuja fundi cherehani kijana kutoka Lindi, akaweka mashine yake kwenye baraza la duka la jirani. Alinishonea gauni. Alimuuliza Mama kama mikono iwe mirefu au mifupi, huku ananitazama mimi. Nilimtaka. Nilimtaka kwa moyo wangu wote, nikaacha kula, na Mama akanipa dawa ya minyoo.

Baada ya mfungo kwisha, fundi alileta habari kwamba mama yake, mkulima wa mikorosho huko Kilangala, atakuja kuniona, pamoja na mjomba wake ambaye ndiye atakayesema maneno ya posa. Nilijua vizuri kinachonisubiri maneno hayo yakiharibika. Posa ya pili ilikuwa imeshapiga hodi: mfanyabiashara wa papa mkavu wa Kinjumbi, mtu mwema, mcha Mungu, rika moja na marehemu baba.

"Watalala hotelini," baba mdogo akatangaza.

Mama aliacha kupepeta mchele. "Shemeji, wakwe walale hotelini? Kwani wamekosa watu?"

"Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Napoli mabwana wakubwa hulala hotelini na ndugu zao wako mji ule ule."

"Basi ndugu zao hawawapendi."

"Ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho."

"Wao ndio wanaokuja kwetu, shemeji. Na sisi hapa macho yetu yote mazima."

Nyumba ilikuwa ya baba mdogo, kwa hiyo Mama alishinda kwa maneno tu. Lori la Lindi likawashusha asubuhi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la ua, mahali pa msichana anayeposwa, na niliona yote. Mjomba alikuwa mtu mrefu, kanzu safi, koti juu yake, shingo imenyooka. Dada yake alikuwa mwanamke mfupi aliyechoka, kikapu cha korosho kichwani. Wakapiga hodi. Badala ya karibu, kengele ya baiskeli ikalia.

"Karibuni sana," alisema baba mdogo, ameketi nyuma ya meza. "Cheti cha kodi unacho?"

Wasomaji vijana hawawezi kujua uzito wa swali hilo. Miaka ile liliulizwa na askari wa boma tu, na waliokosa jibu walikwenda kutengeneza barabara. Wanaume walilala mashambani kulikwepa. Mjomba alitazama nyuma kama njia bado iko wazi.

"Bwana, mimi nimekuja kuposa."

"Najua, na tumefurahi mno. Cheti?"

Alikitoa polepole. Baba mdogo akakitia ndani ya saraka, akaifunga kwa ufunguo, akatabasamu kama mwenyeji mwema. Kisha akamgeukia dada mtu.

"Mimi mwanamke, sina karatasi," alisema yule mama. "Nina hirizi tu, nayo haivuliwi."

Baba mdogo alifikiri, akasema inatosha kwamba ameiona.

Kahawa ilipoletwa, mjomba alielezwa habari ya kusimama na kukaa. Akasimama. Alisimama barazani na kikombe chake, mbele ya mabaraza mawili matupu, na kila mpita njia alimuuliza kulikoni. Aliwajibu kwa adabu kwamba kukaa ni ghali. Baba mdogo akaja mbio kusahihisha: wakwe hawatozwi chochote, hii ni desturi tu.

"Kama sitozwi, kwa nini nisikae?"

"Ukikaa, bwana, itanibidi nikutoze."

Mchana Mama alipika pilau ambayo naikumbuka mpaka leo kwa sababu sikuionja. Alikuja na sinia kichwani, baba mdogo akamzuia mlangoni. Chakula cha nje hakiingii vyumbani. Mama alimwambia kwamba chakula hiki kimetoka kwenye jiko lake yeye mwenyewe, na mchele ni wake, na mke wa marehemu kaka yake ndiye aliyekipika. Akamjibu kwamba sheria haitazami ukoo. Mama hakubishana. Alizunguka nyumba akalipitisha sinia dirishani, na wali kidogo ukamwagika, na kuku wa jirani wakaja kuhudhuria posa yangu.

Nilijipa moyo kwamba maneno yenyewe hayajaanza. Baada ya adhuhuri wazee wa upande wetu walifika, wamevaa majoho, tayari kwa mazungumzo. Baba mdogo alitoka akaweka kidole mdomoni kuwanyamazisha: wageni wamepumzika, warudi jioni. Mjomba hakuwa amepumzika. Alikuwa dirishani, amesimama bado, akisikia anavyosemwa kwamba amelala. Alivumilia mpaka alasiri. Kisha akaja mezani, akapiga kengele mwenyewe, akaomba cheti chake.

"Sijapata kufungwa maishani mwangu," alisema, "lakini sasa najua kunavyokuwa. Kesho asubuhi tunarudi na lori."

Nilikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi bila kujali meno yake, nikalia. Nilimchukia baba mdogo, nikaichukia Napoli, nikaichukia na ile meli kwa kutozama. Mama alinishika kichwa akasema Mungu hamtupi mja wake. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeanza kuzoea harufu ya papa.

Asubuhi lori likapiga honi. Mjomba alikuwa tayari, mzigo mkononi, cheti mfukoni, na kila baada ya muda alikigusa. Dada yake hakutoka. Mjomba aligonga mlango wake. Akagonga tena. Baba mdogo alisema kwamba kugonga asubuhi kunaruhusiwa, lakini hakuna aliyemsikiliza. Tukaogopa kwamba mgeni amepatwa na jambo, na Mama akaitwa kwa kuwa ni mwanamke mwenzake.

"Mwenzangu, u hali gani humo?"

"Nipo. Sijambo. Niacheni nilale."

"Lori linaondoka," mjomba alisema.

"Liende salama."

Likaenda. Tukabaki tumesimama mbele ya ule mlango, na sauti ikatoka tena, ya taratibu, ikimsemesha Mama.

"Mwenzangu, mimi tangu nizaliwe sijapata kulala chumba peke yangu. Kwetu nililala na dada zangu. Nikaolewa, nikalala na mume na watoto. Watoto wakakua, nikalala na wajukuu, na wagonjwa, na kila mgeni aliyepiga hodi Kilangala. Jana nilifunga komeo hili nikasikia kimya. Nilidhani nimekufa. Alfajiri nikasali, nikaona sijafa, nikarudi kulala."

Mama aliweka kiganja juu ya ubao wa mlango. Alikuwa amelala na mimi kitanda kimoja tangu alipokuwa mjane.

"Lala, mwenzangu," alisema.

Mjomba sasa hakuwa na lori wala dada, na kwenye baraza alikuwa haruhusiwi kukaa. Akaenda msikitini. Huko hakuna aliyemuuliza karatasi, na wazee wetu walimpisha mahali pazuri, wakamwagizia kahawa, akaketi. Mtu aliyeketi hawezi kukasirika muda mrefu. Kwa kukosa jambo jingine la kuzungumza wakazungumza habari yangu, na kabla ya adhana ya adhuhuri posa ikakubaliwa, mahari ikatajwa, Fatiha ikasomwa. Baba mdogo alitangaza mtaa mzima kwamba hoteli ndiyo iliyofanikisha ndoa. Nimejaribu miaka yote kumkosoa katika hilo, nikashindwa.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo wasemavyo, lakini mkwe wangu hakupewa jembe kwa sababu hakuna aliyemwona. Alitoka kusali na kuoga, akarudi, komeo likalia. Mama alimpelekea chakula dirishani, na baba mdogo akajifanya anasoma gazeti. Mjomba alimsihi waondoke, mwisho akaacha. Siku ya kuondoka ilipofika ndipo akaagiza nipelekwe kwake, kwa kuwa alikuja kuniona na alikuwa hajaniona.

Niliingia nimejifunika, nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti hapa kitandani."

Nilingoja anitazame mikono na meno, kama nilivyoambiwa. Hakunitazama. Alikuwa anafunga kikapu chake, bila haraka.

"Mwanangu unamtaka?"

Nilisema namtaka. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yangu ikilisema neno hilo.

"Vizuri. Ni mtoto mpole, na hapigi. Lakini nyumba yetu imejaa watu. Chumba mtakachopewa mlango wake ni pazia, na nyuma ya pazia nitakuwapo mimi, nikiita maji, nikiita kuni. Sitakudanganya. Nitakuwa mkwe kama wakwe wengine."

Nilisema inshallah nitaitika.

"Najua utaitika. Hata mimi niliitika." Akanyanyua kikapu. "Lori bado halijafika, na mimi nimelala vya kutosha. Lala wewe."

Alitoka, akauvuta mlango nyuma yake, na kutoka upande wa pili nikamsikia akisema, "Funga." Nikafunga. Godoro lilikuwa bado lina joto lake. Nje watu walikuwa wanapanga harusi yangu. Walibishana juu ya mchele, na nani alale wapi, na mikeka iazimwe kwa nani. Nilikuwa nimepata nilichokilalia njaa. Fundi alikuwa wangu, nami sikutaka mwingine, wala sijataka mwingine mpaka leo. Nilinyoosha mikono pande zote mbili za kitanda, na haikugusa mtu.

Mama akaniita nitoke kuwaaga wakwe. Akaita tena, karibu zaidi. Nilimsikia vizuri, na sikuitika.