Maman Emérence, Mwanachama wa Pekee

Maman Emérence Cibalonza alifundisha Kiingereza miaka mingi katika shule moja ya sekondari kule Ibanda, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kutamani cheo chochote. Hata kwenye kwaya ya parokia, ambako sauti yake ilisikika mpaka barabarani, alikataa kuongoza. Alichopenda ni kukaa benchi la pili karibu na dirisha, avue viatu kimya kimya, na awatazame wengine wakihangaika.

Kwa hiyo walimu wa lugha wa Bukavu walipoamua kuunda chama chao, yeye hakuwa na haraka. Jumamosi ya uchaguzi alikuwa Mudaka, akimsaidia mama mkwe kuvuna maharage. Aliporudi mjini, mgongo ukimuuma, aliambiwa kwamba mambo yalikwenda vizuri sana, hakuna aliyekasirika.

Kweli hakuna aliyekasirika, kwa sababu kila aliyefika alipewa cheo. Mwenyekiti alikuwa Papa Venant, mwalimu wa Kiingereza mrefu, mpole, ambaye hakuweza kuvumilia kuona mtu mzima akinuna. Mtu akishindwa nafasi ya makamu, Papa Venant alimwundia nafasi ya makamu wa pili. Aliyekosa ukatibu akawa katibu msaidizi. Akapatikana msemaji, kisha mshauri wa mambo ya Kifaransa, kisha mshauri wa mambo ya Kiingereza, ndipo wale wa Kiswahili wakauliza kama wao ni yatima. Mwisho alibaki Barthélemy, mwalimu wa Kifaransa aliyependa suti, naye akapewa protokole, yaani kazi ya kupokea wageni na kuwaonyesha viti. Wote walikubali kufanya kazi bila malipo, kwa kujitolea, wakapigiana makofi wenyewe, maana hapakuwa na mtu mwingine wa kuwapigia.

Siku ya mkutano mkuu wa kwanza, Maman Emérence aliingia katika darasa waliloazimwa na parokia, akakuta madawati yameunganishwa kuwa meza moja ndefu yenye kitambaa cheupe. Nyuma yake walikaa viongozi, bega kwa bega. Meza ilikuwa ndefu kiasi kwamba Barthélemy, aliyekuwa wa mwisho, nusu yake ilikuwa ndani na nusu nje ya mlango. Mbele yao yalipangwa mabenchi ya wanachama. Yote yalikuwa matupu.

Maman Emérence akachagua la pili, karibu na dirisha.

Papa Venant akasimama, akakohoa. "Wapendwa wanachama!"

"Prezida, ni miye tu," alisema Maman Emérence.

"Wapendwa wanachama," alirudia Papa Venant, kwa sababu hotuba alikuwa ameshaiandika.

Alieleza kwamba kwa mujibu wa katiba ya chama, komite inapendekeza na la base ndiyo inaamua. La base, kama kila mtu wa Bukavu anavyojua, ni wale wa chini wanaoongozwa. Kisha akasoma pendekezo la kwanza: kila komite inapoingia, wanachama wasimame.

"Nani anakubali?"

Maman Emérence alifikiri kidogo. "Miye hapana. Goti yangu inauma."

Viongozi wakatazamana. Katibu, mtu makini, aliinamisha kichwa akaandika huku akisema kwa sauti: "Base imekataa kwa sauti moja."

Maman Emérence alivyosimulia baadaye, hapo ndipo alipohisi kitu kikimpanda kutoka tumboni hadi kifuani, kama mtu aliyekunywa chai ya tangawizi. Hajawahi kusema neno moja likaandikwa mbio namna ile. Hata nyumbani kwake.

Tangu siku hiyo maisha yake yakabadilika. Simu ikawa hailali. Msemaji alitaka kujua base inaonaje kuhusu rangi ya bendera. Makamu wa kwanza na makamu wa pili, ambao hawakupatana, kila mmoja alipita kumsalimia, wa kwanza kupitia mlango wa mbele na wa pili kupitia jikoni. Barthélemy alimletea avokado za nyumbani kwake, akakaa, akasifu mapazia, kisha akauliza kama base ingemuunga mkono avae ukanda wa rangi ya buluu kifuani siku za mikutano.

"Base itafikiri," alijibu Maman Emérence, akipokea avokado.

Akazoea. Alipochoka kupanda mlima kwenda parokia, base ikaomba mikutano ihamie Nyalukemba, katika chumba cha katekisimu kilicho hatua chache kutoka kwake. Ikahamia. Base ikapenda ajenda ziwe fupi, na chai iwe na maziwa. Ikawa hivyo. Jioni moja mezani alimwambia mume wake, Papa Mugisho, fundi seremala asiye na maneno mengi, ambaye siku hiyo ndiye aliyepika kisamvu, "Base haifurahie sombe ya leo. Chumvi imezidi."

Papa Mugisho alimeza tonge, akanawa mikono. "Basi kesho base ijipikie."

Mambo yakaenda hivyo karibu mwaka mzima, hadi Jumamosi moja mlango wa chumba cha katekisimu ulipofunguliwa akaingia msichana mwenye koti la mvua na begi mgongoni. Alisema anaitwa Ornella, anafundisha Kiingereza Kalehe, na amekuja na boti ya asubuhi kwa sababu alisikia huku kuna chama cha walimu wa lugha.

Papa Venant alitokwa na machozi. "Karibu, mademoiselle! Mandugu, idadi ya wanachama imeongezeka kwa asilimia mia moja!"

Makofi yakapigwa. Barthélemy alimwongoza mgeni hadi benchi la pili, na Maman Emérence akalazimika kuondoa viatu vyake njiani.

Pendekezo la siku hiyo lilikuwa la ukanda wa Barthélemy. Base ilikuwa imefikiri miezi mingi na avokado zilikuwa zinaendelea kuja.

"Nani anakubali?" aliuliza Papa Venant.

"Hapana," alisema Maman Emérence, kama kawaida yake.

Ornella aliinua mkono. "Miye naitika."

Katibu alibaki na kalamu hewani. Hajawahi kukutana na jambo kama hilo. "Prezida," alisema kwa unyonge, "base imegawanyika."

Maman Emérence hakulala vizuri wiki ile. Jumamosi iliyofuata ikawa vilevile, na nyingine pia. Ornella alikubali kila kitu: cheo cha naibu wa protokole, wimbo wa chama, hotuba tatu za ufunguzi badala ya mbili. Kila mkutano ulipokaribia mwisho aliinua mkono kusema ana jambo moja, na kila mara Papa Venant alimjibu kwa upole kwamba jambo hilo liko katika mengineyo, na mengineyo yako mwishoni. Yalipofikiwa, mtu alikuwa ameshaanza sala ya kufunga, na msichana alitoka mbio kuwahi boti.

Jumamosi ya nne Maman Emérence alimfuata. Alishuka nyuma yake kwenye njia ya matope iendayo bandarini, akishika kitenge kwa mkono mmoja, goti likilalamika.

"Weye, Ornella! Ngojea!"

Msichana alisimama.

"Juu ya nini unaitika kila kitu? Komite inasema hivi, ndiyo. Inasema vile, ndiyo. Weye ni mwalimu ao ni kengele?"

"Maman, unisamehe," alisema Ornella. "Minaitikaka juu bamalize mbio. Niko na swali moja tu. Tangu nianze kuja, sijaipata nafasi ya kuiuliza."

"Swali gani?"

"Batoto beko bengi mu klasi yangu, bengine banakaa mu dirisha. Kitabu iko moja, na ile moja njo niko nayo miye. Nikiandika ku ubao, banaandika. Nikisema, banarudilia. Lakini ukiuliza mutoto 'unaitwa nani' kwa Kiingereza, anakuangalia tu. Nifanye namna gani?"

Maman Emérence alitaka kujibu kama base, lakini base haikuwahi kuulizwa jambo la darasani. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alitaja neno mwanafunzi katika mkutano wa chama. Hakukumbuka. Walikuwa wamezungumza juu ya bendera, kitambaa, wimbo, ukanda na maziwa ya chai, na maziwa alikuwa ameyadai yeye mwenyewe. Uso ukamwaka.

"Kuja," alisema.

Wakaingia chini ya kibanda cha mama muuza mahindi ya kuchoma. Maman Emérence akachukua beseni tupu la yule mama, akalijaza magunzi. "Hizi ni samaki, sambaza ya ziwa," alisema. "Weye ni mununuzi, miye ni muuzaji. Kiswahili hairuhusiwe, Kifaransa hairuhusiwe. Ukikosa neno, uonyeshe na mikono. Anza."

Ndivyo alivyofundisha yeye tangu ujana wake: soko katikati ya darasa, nusu wanauza, nusu wananunua, na asiyeongea anarudi nyumbani bila samaki. Hajawahi kufikiri kwamba ni siri. Hakuna aliyewahi kumuuliza, basi. Walibishania magunzi yale kwa kelele hadi watu wa bandarini wakawazunguka wakidhani ni ugomvi, na mama wa mahindi akaanza kumtetea Ornella bila kuelewa neno. Boti ya Kalehe ikaondoka. Ornella akalala kwa Maman Emérence na Papa Mugisho, aliyemwonea huruma na kumpa sahani kubwa.

Mkutano uliofuata, mvua ilikuwa inatishia. Kabla Papa Venant hajafungua ajenda, Maman Emérence alisimama, na viongozi wakashtuka, maana hawajawahi kumwona amesimama.

"Base inaomba mengineyo ije mbele."

"Maman, katiba..." alianza Papa Venant.

"Nani anakubali?" aliuliza Maman Emérence. Mikono miwili ikaenda juu.

Katibu akaandika haraka, tena kwa furaha: "Kwa sauti moja."

Papa Venant alifuta jasho. Jambo kama hilo, alisema, linahitaji komite ikutane kwanza faraghani. Na kwa kuwa chumba kilikuwa kimoja, komite yote ikainuka, ikatoka nje, ikasimama chini ya ukingo wa bati, wamejipanga ukutani kama watu wanaopigwa picha. Mvua ikaanza.

Ndani, Maman Emérence hakungoja. Alimgeukia Ornella. "Wiki hii ulifanya namna gani na batoto?" Ornella akaeleza jinsi alivyoweka soko darasani, na jinsi mtoto wa dirishani, ambaye hajawahi kutamka neno, alivyouza kandambili za mwalimu mwenyewe. Wakacheka hadi madirisha yakatetemeka, kisha wakaanza kutengeneza somo jingine, la mtu aliyepotea njia mtaani Kadutu na anayeuliza watu kwa Kiingereza.

Nje walisikia kicheko.

"Protokole," alisema Papa Venant, "hebu angalia kuna nini."

Barthélemy akaingia. Hakurudi. Katibu akatumwa kumwita Barthélemy, naye hakurudi. Makamu wa kwanza alisema anaenda kuleta nidhamu. Makamu wa pili, asiyeweza kumwacha wa kwanza peke yake popote, akamfuata. Mshauri mmoja akasema ana baridi, mwingine akasema ana baridi zaidi, na kabla mvua haijafikia kilele chake Papa Venant alikuwa amebaki chini ya bati peke yake, mwenyekiti wa ukuta.

Aliposukuma mlango, viatu vikitoa maji, alikuta kitambaa cheupe kimetandazwa sakafuni, na juu yake viko viatu, miwani, kalamu na kofia ya makamu. Lilikuwa soko. Barthélemy, ambaye Kiingereza chake kilikuwa neno moja la kukubali, alikuwa amelitumia kwa kila bei aliyotajiwa, na sasa alikuwa amenunua karibu kila kitu na hana pa kuviweka. Suti ilikuwa imejaa vumbi. Alikuwa anacheka kama mtoto.

"Prezida, kuja ununue!" aliita Maman Emérence.

"Miye?"

"Weye. Kwa Kiingereza."

Papa Venant alitazama meza yake iliyo uchi. Kisha akakunja mikono ya shati. Wengi wao hawakujua kwamba mtu huyu, kabla ya hotuba, alikuwa mwalimu hodari. Alichukua kofia ya makamu, akaigeuza, akainusa, akasikitika kwa Kiingereza kizuri cha polepole kwamba samaki huyu amekufa zamani sana, na kwamba familia yake inapaswa kuarifiwa. Ornella alicheka hadi akakaa chini. Papa Venant aliendelea, akaimba wimbo aliokuwa akiwafundishia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, akaonyesha namna ya kuwafanya walio nyuma wajibu kabla ya walio mbele. Siku hiyo hakuna aliyekumbuka sala ya kufunga mpaka giza lilipoanza kuingia.

Baada ya hapo viongozi wakaanza kuhama mezani mmoja mmoja. Barthélemy alikuwa wa kwanza kuomba aruhusiwe kuwa mwanachama wa kawaida, akisema protokole inamzuia kukaa sakafuni. Ornella alileta wenzake kutoka Kalehe. Ulipofika uchaguzi, shida ikawa ile ya kinyume: hakuna aliyetaka cheo. Papa Venant aliomba kupumzika, akanyimwa kwa kura nyingi. "Miye pia ni mutu," alilalamika. "Niko na haki ya kukaa ku benchi."

Kazi zikapunguzwa zikabaki chache tu, na moja ikakosa mtu kabisa: kutunza ufunguo wa chumba. Wote wakamgeukia Maman Emérence, kwa sababu ndiye aliyeishi karibu. Alikataa. Wakamsihi. Alitaja goti. Wakasema ufunguo ni mwepesi. Mwishowe akaupokea, akaufunga kwenye ncha ya kitenge.

Jumamosi iliyofuata walimu walifika wakakuta mlango umefungwa. Walingoja, wakapiga miluzi, wakamtuma Ornella abishe kwa Papa Mugisho. Maman Emérence alitokea taratibu, amevaa kitenge kipya na viatu vya kanisani, ufunguo ukining'inia mahali ambapo kila mtu angeuona.

"Maman, umechelewa!" walisema.

Aliwatazama mmoja mmoja kwa upole, kama mtu anayewasamehe.

"Shiye viongozi hatuchelewake," alisema, akitafuta tundu la kufuli. "Ni niye munafika mbele ya saa."