Siku Saba za Cucu

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyobatizwa, mwanangu, ni ile niliyojifungia katika choo cha wenyewe, kule Kiambere, nikisikiliza mbuzi wakihesabiwa nje. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Niliwajua mbuzi wale mmoja mmoja kwa sauti. Kila namba iliyotajwa ilinipiga kifuani kama mchi.

Nikueleze kwanza nilivyofika huko. Shule niliiacha darasa la sita pale Kaaga, si kwa kukosa akili bali kwa kushindwa kukaa kitako. Nilibeba magunia Kinoru, nikachuma miraa milimani, nikamsaidia fundi wa redio nusu mwaka kwa sababu nilitaka kujua sauti inakaa wapi ndani ya lile sanduku. Kisha mtu akaniambia kwamba huko Mbeere, katikati ya nchi kavu, kuna maji yaliyozuiwa kwa ukuta hata yakawa kama ziwa. Nikateremka kwenda kuyaona. Nilikusudia kukaa siku mbili, nikakaa miaka minne.

Aliyenipokea ni mjane aliyeitwa Ciarunji. Sote tulimwita Cucu, yaani nyanya. Alinipa kibanda cha kulala, akanipa na mbuzi wake kumi na mmoja niwachunge. Huko kuna desturi nzuri: anayekuchungia mbuzi mwaka mzima bila kupoteza hata mmoja, unampa mwanambuzi. Mimi nilikuwa nimepewa mmoja. Kwa hiyo zizini mlikuwa na mbuzi kumi na wawili: wa Cucu kumi na mmoja, wote wamekatwa alama ya ukoo wake kwenye sikio la kushoto, na wangu mmoja ambaye alikuwa bado hana alama.

Sasa sikia ujinga wangu. Nilipoyaona maji yale nilitaka kuyapandisha shambani. Nikaenda Embu mjini, kwenye duka la vifaa vya kilimo, nikachukua pampu kwa mkopo ili nilime nyanya. Mwenye duka akanipa fomu. Palikuwa na mstari unaouliza mali ya mkopaji. Mwanangu, kila asubuhi ni mimi niliyefungua zizi, na nikipiga mluzi wote kumi na wawili wananifuata. Kalamu ikiwa mkononi nikajiona tajiri. Nikaandika: mbuzi kumi na wawili.

Nyanya zilikubali, bei ikakataa. Mwaka ule kila mtu wa ukingoni alikuwa na nyanya. Nililipa mara mbili, kisha nikanyamaza. Barua ya kwanza ilipokuja sikuifungua. Ya pili, yenye mhuri wa korti, niliikunja nikaitia mfukoni. Mimi, ambaye nilikuwa nikisoma hata kipande cha gazeti kilichofungia sukari! Kila kitu duniani nilitaka kukijua, isipokuwa kilichoandikwa ndani ya bahasha ile.

Kisha akaja dalali wa korti, mtu mnene mwenye koti lililofifia mabegani. Siku hiyo Cucu alikuwa ameenda sokoni Kiritiri. Dalali hakuchukua kitu. Alitembea tu akiandika: pampu moja, mbuzi kumi na wawili. Akaniuliza, "Hawa ni wako?" Nikaona haya kusema kwamba niliidanganya fomu. Nikatikisa kichwa kukubali. Akanipa karatasi, akaniambia niisome vizuri, akaenda zake. Nyuma ya nyumba palikuwa na mzinga wa mti uliohamwa na nyuki. Nikaisukuma karatasi ile humo ndani, nikaenda kunywesha mbuzi.

Ndipo tunafika chooni.

Dalali alirudi Jumatano, siku ya nane, na pikapu na vijana wawili. Nilipoliona vumbi lake nilikimbia nikajifungia. Nilimsikia Cucu akitoka jikoni, akiwakaribisha, akiwamiminia uji wa wimbi. Baadaye kidogo nikasikia zizi likifunguliwa.

"We kijana wa koti," Cucu alisema, "mbuzi zangu zimekukosea nini?"

"Shosho, mimi natumwa tu. Hizi ni za Kinoti, huyu anayekuchungia. Yeye mwenyewe amekubali."

"Kinoti? Kinoti ana mbuzi mmoja, tena hana hata pembe! Shika sikio la huyo. Umeona alama? Sasa shika la yule. Hii ni mali ya mahari ya mwanangu. Jumamosi zinatembea kwenda Siakago, na wazee wa huko wameshaambiwa ni kumi na moja. Nitawapelekea nini, kinyesi?"

Majirani walishaanza kujaa. Nilimsikia Njeru, mwanawe aliyekuwa anaoa, akisema polepole, "Mama, ngoja. Ngoja kwanza." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona nyumba yake ikibomolewa kabla haijajengwa.

"Nimesikia, shosho," dalali akasema. "Lakini kama mali si yake, mlipaswa kwenda kortini kupinga. Nilimwachia karatasi. Mlikuwa na siku saba."



"Siku gani saba?" Cucu akauliza.

Mwanangu, wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilikuwa nimeuficha wangu mpaka ukataka kumnyima mwingine watoto. Nikafungua mlango wa choo.

Jirani mmoja aitwaye Nthiga alikuwa wa kwanza kuniona. "Haiya! Kumbe tajiri wa mbuzi alikuwa anahesabia huko!" Watu wakaangua kicheko, hata wale vijana wa pikapu. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye mzinga, nikaingiza mkono, nikaitoa karatasi. Mchwa walikuwa wamekula pembe yake moja. Nikampa Cucu mbele ya wote, nikasema, "Nilidanganya. Wangu ni huyu mmoja. Hawa wengine niliandika tu."

Cucu hakujua kusoma. Aliigeuza ile karatasi, akaipapasa pale palipoliwa, akanitazama. Nilingoja matusi. Hakutukana.

"Kinoti," akasema, "hukuniibia mbuzi. Mbuzi wapo hapa, nawaona. Umeniibia siku saba. Siku saba ningetembea mpaka kortini na kurudi mara tatu kwa miguu yangu hii mibovu. Siku saba zilikuwa zangu, nawe ukazilisha mchwa."

Nimekemewa na watu wengi tangu hapo, wengine wakiwa na rungu mkononi. Hakuna neno lililoniingia kama hilo.

Dalali alivua kofia akajikuna. Ukitaka ukweli, hakuwa mtu mbaya, naye alikuwa amekunywa uji wa watu. Alisema, "Mimi leo nachukua pampu na huyu mbuzi asiye na alama. Wengine nawaacha hadi Ijumaa saa sita. Mwenye duka akinipa barua ya kuwaachilia, sina neno. Asiponipa, shosho, nitarudi, na uji hautanizuia."

Jioni hiyo niliuza redio yangu niliyoiunda mwenyewe. Nilimpelekea Cucu bei yake nikidhani atasema niende peke yangu Embu nikaaibike. Akasema, "Mkono mtupu haulambwi. Hiyo ni yako ya kushika mkononi. Kesho nakwenda nawe, kwa sababu wewe ukiiona barabara tu, miguu inawasha."

Alinijua kweli. Nisingeenda. Ningepitiliza mpaka Nairobi.

Alhamisi tulisimama mbele ya mwenye duka. Nikaweka hela mezani, nikaeleza yote, fomu, nyanya, na choo. Pale kwenye choo alicheka hadi akatoa miwani. Halafu akaniambia jambo ambalo nakuomba ulishike. "Kwa nini hukuja? Miezi mitano nimekungoja. Ulipokwama ungeniambia, ningekupangia. Korti imenigharimu mimi pia."

Cucu akamwambia, "Huyu hana kitu, lakini ana mgongo." Wakapatana. Ile pampu na mbuzi wangu vipunguze deni, na kilichobaki nikifanyie kazi kwake, kupakia saruji na mbolea, mpaka kiishe. Akaandika barua. Ijumaa dalali aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaomba uji. Jumamosi nikawatoa mbuzi kumi na mmoja zizini kwa mluzi wangu, nikatembea nao hadi Siakago nyuma ya wazee. Mke wa Njeru yupo hadi leo, ana wajukuu. Kila tukikutana hunisalimu, "Habari ya chooni?"

Miezi minane nilipakia saruji. Nilipopata risiti ya mwisho nilimpelekea Cucu. Aliipapasa kama alivyoipapasa ile nyingine, kisha akaniita zizini, akanishikisha mwanambuzi jike wa kahawia na kisu. "Huyu ni wako. Mkate alama yako leo, ndipo usisahau tena ni wangapi." Nilikata kidogo, sikio la kulia. Nilipoinuka, alinitemea mate kifuani, kama wazee wanavyobariki, akaniachilia niende zangu.

Nimezunguka nchi hii sana tangu wakati huo, na kila nilipolala njaa au nikashiba nilimshukuru mwanamke yule. Angeweza kumwachia dalali anifunge kamba mimi badala ya mbuzi.

Sasa wewe unakopa kwa simu, hata fomu huioni, unabonyeza tu. Dalali naye anaweza kufika mlangoni pako vilevile. Akija, usikimbie na usimpige. Mkaribishe, umwombe karatasi yake, uisome yote, na usipoielewa mpelekee anayeielewa siku hiyohiyo. Hesabu siku ulizopewa, maana hizo ndizo mali ya kwanza uliyo nayo. Chako sema ni chako, cha mwenzako sema ni cha mwenzako, hata kama kila asubuhi kinafuata mluzi wako. Waambie wa nyumbani kwako mapema, kwa sababu deni lililofichwa humlipisha asiyelikopa. Kisha mwendee anayekudai kabla hajakujia, na uwe na kitu mkononi, hata kama ni bei ya redio. Dawa ya deni ni kulipa, lakini kinywaji cha kumezea dawa hiyo ni ukweli.

Mwanangu, Mungu akupe mbuzi wanaozaa mapacha, na wote uwatie alama kwa mkono wako. Mlango wako ubishwe na wageni, na ukibishwa na dalali akukute umekaa nje, umetulia, karatasi iko mezani. Na siku ukipotea, akupe Cucu wa kutembea nawe hadi dukani, kama alivyonipa mimi nisiyestahili. Thaai, yaani amani.