Mgeni Huaga

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nilipopanda pikapu ya dawa kutoka dispensari moja huko mbele ya Mwingi, nikaketi kando ya dereva na kujifunika leso kichwani kama mtu anayeogopa vumbi. Vumbi lilikuwepo, lakini silo nililoogopa. Akina mama walikuwa wakirudi kutoka mtoni na punda wao wa maji, nami sikutaka wanitambue. Mkataba wangu ulikuwa umeisha, na pale kijijini sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba naenda.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu juzi ulinipigia simu ukiwa na furaha tele. Umepata kazi ya miezi mitatu Kibwezi, kumshikia nafasi nesi aliyeenda likizo ya uzazi. Nilifurahi nawe, hukunisikia nikicheka? Halafu nikakata simu, nikakaa pale nilipokuwa nikipepeta ndengu, na moyo ukawa mzito.

Mambo ya leseni na mkataba mtaelezana nyinyi vijana kwenye simu zenu, maana mnajua kila kitu. Mimi nitasema machache tu. Soma mkataba mpaka mwisho kabla ya kutia sahihi. Ujue ni nani atakayekupa nyumba, na kama ina kufuli. Kabla hata hujafungua begi, uliza gari la kubeba mgonjwa linatoka wapi na dereva wake anapatikana vipi. Beba tochi yako na mashine yako ya presha, maana ya huko unaweza kuikuta inapumua kama mzee wa pumu. Lakini hayo hata usipoambiwa utayajua kwa kuumia kidogo. Ninalotaka kukwambia leo ni lile ambalo aliyeumia hakuwa mimi.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, mjuaji kidogo kama wewe. Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuonekana, ila kule netiweki ilikuwa ya kupandia kilima. Nilipofika niliipenda ile dispensari mara moja. Nilifagia, nikapanga dawa, nikatandika vitanda, nikangoja akina mama waje kliniki. Hawakuja. Wenye kikohozi walikuja, waliokatwa na panga walikuja, lakini benchi la waja wazito lilikaa tupu wiki baada ya wiki.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na lango letu, alikaa mwanamke mmoja anaitwa Mumbua. Aliuza ndengu na mayai mbele ya nyumba yake, na alikuwa mjamzito. Kila asubuhi tulisalimiana, na kila asubuhi hakuvuka barabara. Siku moja nikamwendea, nikanunua mayai nisiyoyahitaji, nikamwuliza mbona haji kliniki.

Akanitazama vile mtu anavyomtazama mtoto. "Sista, wewe si ni wa kupita tu?"

"Kwani wa kupita ana nini?"

"Wa kupita tumeona wengi. Unamwambia mambo yako yote, ukirudi unapata ni mwingine. Mimi nimepoteza mtoto mara mbili. Na kila mara ni mtu mpya ananiuliza, 'Mama, mbona hukukuja mapema?' Nimechoka kueleza watu hiyo maneno."

Hapo ndipo ukweli ulipohitajika, mwanangu, na ulikuwa mfupi tu. Lakini nilimwona yule mama amebeba mimba ya tatu na hofu ya zile mbili, nami nilitaka aje. Nikamwambia, "Mimi siendi mahali, Mumbua. Mimi ni wenu."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Wanasahau kusema kwamba mwanzo wake ni tambarare, tena ina kivuli. Siku iliyofuata Mumbua alivuka barabara. Wiki iliyofuata alikuja na shemeji yake, kisha majirani, na benchi likajaa mpaka wengine wakakaa sakafuni. Nilipendwa! Nililetewa maziwa, nililetewa mapapai, nilialikwa kanisani kwao nikakaribishwa mbele nisimame waimbe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nami nilijiona kweli nimekuja kuwaponya.

Mama mkwe wa Mumbua, bibi mmoja anaitwa Kalondu, ndiye peke yake aliyenipima kwa macho. Aliniletea kuku, akaketi, akaniuliza polepole, "Na huko kwenu Makueni, nyumba yako nani anaangalia?" Nikacheka, nikabadilisha mazungumzo. Mtu mzima haulizi swali bure, lakini nilikuwa na umri wa kutosikia.

Mimba ilipokua, presha ya Mumbua ikaanza kupanda na miguu ikavimba. Nilimweleza wazi kwamba huyu mtoto hatazaliwa nyumbani. Nikamwambia kichwa kikimuuma sana, au macho yakiona giza, asingoje. "Uje kwangu mara moja," nilimwambia. Sikusema aje dispensari. Nilisema aje kwangu.

"Na siku ya kwenda Mwingi hospitali, ni wewe utaenda na mimi?"

"Ni mimi."

Tarehe ya mkataba wangu niliijua. Sikushtukizwa na mtu. Kila nilipoamka nilisema leo nitamwambia, na kila jioni nilisema kesho. Nilijidanganya kwamba nikimwambia atashtuka na presha itapanda zaidi, si unaona vile tunajua kuvalisha woga koti jeupe? Ukweli ni kwamba nilikuwa nikijihurumia mimi. Sikutaka kuona uso wake ukibadilika.

Aliyekuja kuchukua nafasi yangu alikuwa kijana anaitwa Kioko, mtulivu, anayejua kazi. Tulihesabu dawa pamoja. Nikamwonyesha friji ya chanjo na ujanja wa mlango wake, nikampa funguo. Nikamweleza habari za Mumbua moja baada ya nyingine, mimba mbili zilizoharibika, presha, miguu, na kwamba asimwachilie. Mwalimu yeyote wa chuo angenipa alama zote. Lakini ile barabara ilikuwa hatua chache tu, na sikumshika Kioko mkono nikamvusha mpaka kwa Mumbua, nikasema: huyu ndiye atakayekushika. Nilipanda pikapu.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa kwenye kazi nyingine ya muda, huko Kabati. Tukaitwa semina ya chanjo Kitui mjini, na kwenye foleni ya chai nikamkuta Kioko. Nikamwuliza Mumbua alijifungua nini. Akanitazama, kikombe mkononi. Alidhani nimeshasikia.

Kioko alikuwa amemwendea Mumbua nyumbani kwake, mwanangu, juma lile la kwanza. Mumbua alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akamwambia anamngoja Sista. "Lazima ameenda kuona mama yake Makueni. Atarudi. Alisema haendi mahali." Kioko akamwambia kwamba sirudi. Mumbua akacheka, akamwambia, "Wewe humjui Sista." Kioko akarudi tena na tena, akaambiwa hayohayo. Hata mumewe alijaribu. Basi kichwa kilipoanza kumuuma, alijifunga kitambaa akalala, akawaambia nyumbani wangoje kidogo, huenda Sista yuko njiani. Walipomwita Kioko, Mumbua alikuwa amekwisha kushikwa na kifafa cha mimba. Kioko alivuka ile barabara mbio, akafanya yote yanayofanywa, akapata gari, akaketi naye nyuma mpaka Mwingi. Mtoto walimtoa akiwa hai, msichana. Mumbua hakumwona.

Majuto ni mjukuu. Nilisikia methali hiyo tangu shule ya msingi, na siku hiyo ndipo nilipoijua.

Nilienda. Sikujua naenda kusema nini, nilienda tu. Kalondu alikuwa uani, amempakata yule mtoto. Hakuinuka, hakunifukuza pia. Alinionyesha kigoda, akaagiza niletewe uji. Nilipoona mtoto alivyo na paji la uso la mama yake, nilianguka magotini nikaanza kulia.

"Nyamaza kwanza," aliniambia. "Ukilia sasa, mimi nitaanza kukubembeleza. Na ni mimi nimefiwa."

Nikanyamaza, mwanangu. Sijui nilinyamaza vipi, lakini nilinyamaza.

Akasema, "Sisi hatukukasirika juu ya kwenda. Mgeni huenda. Hata Mumbua alikuwa anajua wageni huenda. Lakini mgeni huaga. Ungetuambia, tungelia na wewe, tukuchinjie kuku, kanisa ikuombee. Halafu Jumatatu tungezoea huyo kijana. Kwani sisi ni watu wa kushindwa kuzoea mtu? Wewe ulimwambia wewe ni wake, na yeye akaamini. Akakungoja."

Hakupandisha sauti. Laiti angeipandisha.

Kisha alimfunga mtoto mgongoni, akaniambia nimfuate. Tulienda nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa limezungushiwa matawi ya miiba ili mbuzi wasilipande, na udongo wake ulikuwa haujakaa vizuri. Kalondu akasimama kando. "Sasa muage," akasema. "Sema ukweli. Unaenda wapi, na utarudi ama hutarudi."

Nilisimama pale na jua kali kichwani. Nikasema, "Mumbua, ni mimi, Mutheu. Mkataba wangu umeisha. Naenda Kabati. Sitarudi kufanya kazi hapa." Nilitaka kuishia hapo, lakini maneno yalikuwa bado yamebaki, yaleyale niliyopaswa kumpelekea ng'ambo ya barabara. Nikayasema. "Kuna kijana anaitwa Kioko. Nimemweleza kila kitu chako. Hutaulizwa upya. Mwendee yeye."

Kalondu alilia hapo. Mimi pia, na safari hii hakunikataza. Baadaye alinisindikiza mpaka barabarani kama mgeni yeyote anavyosindikizwa. Nilimwomba nimbebe mtoto kidogo, akasema hapana.

Yule mtoto ni mtu mzima leo, ana watoto wake. Anaijua habari yote, maana Kalondu hakuwa mtu wa kuficha. Tukikutana sokoni Mwingi hunisalimia kwa heshima kubwa, huniita mama. Heshima hiyo ndiyo inayoniuma kuliko matusi ambayo ningestahili.

Basi nisikilize, mwanangu. Siku yako ya kwanza Kibwezi, waambie akina mama unaitwa nani, umekuja kumshikia nani, na utaondoka mwezi gani. Watanuna. Wengine hawatakuja juma hilo. Waache wanune, kwa sababu imani inayokuja polepole juu ya ukweli humfaa hata yule atakayekuja baada yako. Mgeni ni kuku mweupe, macho yote yako kwake, nao watakupima kwa siku moja na kukujua. Huna haja ya kuwa mwenyeji ili upendwe. Tena ukipendwa sana, ogopa kidogo. Jiulize kama wanakipenda kituo au wanakupenda wewe, maana wewe una tarehe.

Usiseme "njoo kwangu". Sema "njoo hapa, utakayemkuta atakusaidia", na ulirudie mpaka wachoke kulisikia. Na akija wa kuchukua nafasi yako, msimalizane ofisini na dawa na funguo. Umtoe nje. Umpeleke kwa mama mwenye presha, kwa mzee mwenye sukari, kwa yule msichana anayeogopa kupimwa, umweleze habari zao wenyewe wakisikia, ili wajue kwamba hawatalazimika kuanza upya. Mumbua hakuwa mkaidi. Alikuwa amechoka kuwaeleza watu, na mimi nilijua hivyo tangu siku ile ya mayai.

Kuaga kutakuuma. Kuna mama atakayekushika mkono asikuachilie, na kuna atakayekugeuzia mgongo kwa hasira. Simama hapohapo upokee yote mawili. Ni sehemu ya kazi, kama sindano ilivyo sehemu ya kazi, na maumivu yake hupita. Yale mengine hayapiti. Mimi ni mzee sasa, na bado.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie barabarani, akupe nyumba yenye amani na majirani wema. Akupe jicho la kuona hatari ikiwa bado mbali na mikono isiyotetemeka ikifika. Akina mama wa Kibwezi wajifungue salama mikononi mwako, na ukishaondoka, wajifungue salama mikononi mwa mwingine bila kukungoja. Amina.