Mwalimu Kuwabara na Viatu vya Mwizi

"Mwalimu, kwa nini tuvue viatu wakati mwizi havui?"

Chinatsu alikuwa na miaka tisa alipouliza hivyo, siku yake ya kwanza ya jujutsu, mchezo wa Kijapani wa kujihami, amesimama kwenye kizingiti cha ukumbi wa mtaa na soksi moja mkononi. Watu wazima walicheka. Mwalimu Kuwabara hakucheka. Alimfunga mtoto mkanda vizuri, akaendesha mazoezi kama kawaida, lakini jioni ile, mkewe alisema baadaye, hakumaliza hata supu yake.

Swali lilimkaa vibaya kwa sababu Kuwabara alikuwa fundi mikeka. Mikeka ya majani iliyotandikwa ukumbini aliitengeneza yeye, na hapa mjini Yatsushiro anayekanyaga mkeka kwa viatu anatazamwa kama mtu aliyetema mate mezani. Miaka thelathini alikuwa amefundisha watu kumshika mpinzani ukosi na kumbwaga, wote pekupeku, wote ndani ya sare nyeupe nzito isiyochanika. Leo mtoto wa darasa la tatu anamwuliza habari za mwizi!

Wiki iliyofuata akatangaza kwamba jujutsu ya kweli ni ya barabarani. Kuanzia sasa kila mtu aje na nguo zake za kila siku, na viatu vyake.

"Viatu wapi?" aliuliza Mama Nagatomo, mtunza ukumbi, mwanamke mfupi mwenye funguo shingoni. "Juu ya mikeka hii? Wewe Kuwabara, uliyenigombeza kwa kuburuta meza?"

"Mwizi hatavua, Mama Nagatomo."

"Basi mfuateni hukohuko nje!"

Wakatoka, wakawa wanafanyia mazoezi penye kokoto, pale magari yanapoegeshwa. Mwalimu alikuja na suti ya misibani, maana hakuwa na nyingine. Mwanafunzi mmoja, karani wa benki, alichaniwa shati jipya, na mkewe akalitembeza mtaa mzima kulionyesha. Na kwa kuwa hakuna anayependa kubwagwa kwenye kokoto, walibwagana kwa adabu: unamwinua mwenzio, unamshusha taratibu, kama unaweka mayai chini. Hiyo ndiyo ikawa jujutsu ya kweli.

Jambo moja tu walijifunza kwa hakika. Ukimshika mtu fulana, fulana inabaki mkononi na mwenyewe anakwenda zake.

Wanafunzi wakapungua. Chinatsu alipofika miaka kumi na mitano walikuwa wamebaki wawili, yeye na Tokuhisa, tarishi wa posta, ambaye sare yake ya kazi ilikuwa ngumu kuchanika. Kamati ya ukumbi ikasema wasipopatikana wengine kufikia Aprili, siku yao ya Jumatano itapewa akina mama wa hula, ngoma ya Hawaii, wanaocheza pekupeku, bila kelele, tena wakitabasamu. Mama Nagatomo mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Kuwabara hakubishana. Lakini Chinatsu alimwona akipapasa ukingo wa mkeka kwa kidole. Siku hizi watu wanajenga nyumba za sakafu ya mbao, na karakana yake ilikuwa kimya. Jumatano ndiyo siku pekee aliyobakiwa nayo ya kuitwa mwalimu.

Jumatano moja ya Februari walikuwa nje, mabegi yao wameyaacha ndani, Tokuhisa akachungulia dirishani.

"Mwalimu, kuna mtu ndani. Kabeba begi la Chinatsu!"

Kijana wa fulana ya njano alikuwa katikati ya mikeka, begi begani.

"Hatimaye," alisema Mwalimu Kuwabara, kama mtu aliyeona basi lake likitokea. Akatimua mbio, koti la suti likipepea. Akafika mlangoni. Akakaa kwenye ngazi. Akaanza kufungua kamba za viatu.

"Mwalimu! Viatu!" Chinatsu alipiga kelele.

"Navua, navua! Usiniharakishe!"

Tokuhisa naye alikuwa kainama. Na Chinatsu, huku akipiga kelele, alishtuka kuona kwamba mkono wake umeshavua kiatu kimoja. Alipokuwa anakipanga akaona raba nyekundu zisizo zao. Zilikuwa zimewekwa sawasawa, ncha zimeelekea nje, kama mgeni mwenye adabu anavyoziacha.

Kijana alisikia makelele, akaruka dirishani. Ndipo kokoto zilipompokea. Soksi ni soksi tu, alirukaruka akisema "ai, ai, ai!" kama yuko juu ya makaa. Tokuhisa alimfuata dirishani, akadaka fulana. Ikabaki mkononi pamoja na begi. Mwalimu Kuwabara, ambaye tangu utotoni alikanyaga visiki vya majani ya mikeka shambani kwa baba yake, alizitembelea kokoto kama zulia, akamshika mshipi wa suruali, akamwinua, akamshusha taratibu. Kama mayai.

Mama Nagatomo alifika na ndara za wageni. "Tazama soksi zilivyochafuka! Polisi wanakuja, na wewe utaingia ndani hivyo? Vaa hizi!"

"Samahani, mama," alisema mwizi, akavaa.

Habari haikuhitaji gazeti. Jumatano iliyofuata watu walijaa mlangoni, karani wa benki akiwemo, na akina mama wa hula wakaridhia Alhamisi. Kwa kuwa wote walisikia hii ndiyo shule ya viatu, walikuja na viatu vigumu, wakasimama kizingitini wakingoja kuambiwa waelekee nje.

Mwalimu aliitazama mikeka yake.

"Nguo bakini nazo," alisema. "Viatu vueni."

Chinatsu hakuvumilia. "Miaka sita tumeumia kwenye kokoto, mwalimu! Kwa nini tuvue leo?"

Mwalimu Kuwabara aliinama, akazigeuza ncha za viatu vyake zielekee nje.

"Mwizi naye ana mama yake, Chinatsu. Alishagombezwa mlangoni kama wewe."