Mlango wa Kooni

Tsuyak alijifunga kamba ya mwerezi kiunoni, akang'ata kisu, akayatazama maji kutoka mtumbwini. Nyangumi alikuwa amekata roho sasa hivi, na kinywa chake kilikuwa kikiachama polepole. Maboya ya ngozi ya sili yaliyomshikilia yalianza kuzama, moja baada ya jingine. Asiposhonwa midomo angejaa maji na kwenda chini, na kijijini kwao Ozeti mafuta yalikuwa yamekwisha hata kabla ya theluji kuanza.

"Shemeji," alisema Kwisal, mrusha chusa, "leo usinywe bahari yote. Tuachie ya kupigia makasia."

Wapiga kasia walicheka, kicheko kikavu. Mwaka jana Tsuyak alipaliwa huko chini, akaiachia kamba, na nyangumi akapotea. Tangu hapo hata watoto walimwita Mnywa-Bahari.

Akajitosa. Baridi ikambana mbavu. Alitoboa mdomo wa juu, akatoboa wa chini, akapitisha kamba. Tundu la pili. La tatu. Akarudisha kisu menoni ili mikono yote miwili ifunge fundo, na hapo maji yakapenya pembeni mwa kisu, yaleyale ya mwaka jana. Kifua kikaanza kuruka.

Akamkumbuka Bibi Ahwit, mpasuaji wa nyangumi kijijini. Kila alipokuta mimba tumboni mwa nyangumi alikuwa akimwita Tsuyak aje aone. Kijusi cha masika, urefu wa kiganja, kilikuwa na pua mbele kama mbwa. Cha majira ya baridi kilikuwa kirefu kuliko mtu, na pua zilikuwa zimepanda utosini, zimejifumba zenyewe. Bibi alimwongoza mkono hadi kooni mwa kijusi, akagusa nyama nene iliyoziba njia ya pumzi.

"Unaona, mjukuu wangu? Bahari hajaionja, mlango ameshawekewa. Na wala haupo midomoni. Huyu atakula kinywa kimejaa maji, na hafi."

Tsuyak alikuwa akipigana na maji midomoni. Akaacha. Akayakaribisha mpaka mashavu yakajaa, akainua shina la ulimi, akaziba koo. Kifua kiliruka tena, lakini koo halikufunguka. Akakanyaga taya kwa miguu miwili, akavuta kamba kwa nguvu zote. Fundo likakazika.

Aliibuka mashavu yamevimba, macho mekundu.

"Umefunga? We, sema basi!" Kwisal aliinama ukingoni mwa mtumbwi.

Tsuyak akamtemea maji yote usoni.

"Ya makasia hayo, shemeji."

Nyuma yake, maboya yalikuwa yameacha kuzama.