Kifaa Kimoja, cha Gari na cha Miguu

Narcisse aliendesha magari Masisi, Goma na Bukavu, huko Kongo, tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na huko hakuna kona iliyomshinda. Baada ya vita alirudi Rwanda na familia yake, akapata udereva katika mradi wa maji wa Gisenyi, na hapo ndipo alipojikuta mgeni. Barabara za nchi aliyoiita yake hakuzijua. Ilimbidi aulize, na mwaka ule wa 1999 kuuliza njia halikuwa jambo jepesi. Watu wa milimani walikuwa wametoka tu kwenye miaka ya risasi. Mtu wasiyemjua akisimamisha pikapu na kuuliza kwa Kinyarwanda chenye ladha ya Masisi, walitazama matairi kwanza, kisha uso, halafu wakasema hawajui.

Laurence, msichana fundi wa maji aliyesafiri naye, hakuwa na shida hiyo. Alizaliwa Mahoko, karibu na Gisenyi, akasomea Goma kwa shangazi yake. Alishusha kioo, akasalimia, akaelekezwa. Shida yake ilianza pale barabara ilipokwisha, maana chemchemi nyingi ziko juu, hufikiwa kwa miguu. Siku moja ukungu ulimfunika juu ya Busasamana, akapotea kati ya viazi na mianzi. Narcisse, aliyebaki na gari, alipiga honi mpaka mkono ukamuuma. Laurence aliifuata sauti ile akatokea amelowa chapachapa, kiatu kimoja kimebaki topeni.

Haikupita muda, Ndahiro, mkuu wa mradi, akarudi kutoka Kigali na GPS mbili za kuazima, vifaa vya kupokea setilaiti na kukuonyesha ulipo.

"Tutanunua kimoja tu," alisema. "Kifae ndani ya gari, kifae na kwa miguu. Vijaribuni, kisha mkubaliane."

Kikubwa kilikuwa na kioo kipana chenye ramani, kikivuta umeme kwenye tundu la kuwashia sigara. Kidogo kilienea kiganjani, kilikula betri za tochi, na ramani hakikuwa nayo. Kilihifadhi tu alama za mahali ulipopita, na kuonyesha mshale wa kukurudisha hapo. Narcisse alikipenda kikubwa kabla hata hakijawashwa. Kile kingemwondoa kwenye maswali.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema. "Ile ingine ni ya kuchezea watoto."

"Papa Belise, hii utaibeba namna gani mu mulima? Na betri ya gari mu mugongo?" Laurence alimuuliza, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Mi nitakungoja mu gari, kama siku zote."

"Kama siku ile ya ukungu?"

Narcisse akakichomeka kile kikubwa kwenye tundu la sigara.

Kesho yake walianzia kando ya ziwa, kikubwa kimekaa juu ya dashibodi. Aliyeichora ramani ile bila shaka hakuwahi kufika Gisenyi. Walipokuwa wanapita mbele ya mahoteli, alama ya gari ilikuwa inakwenda katikati ya rangi ya buluu.

"Papa Belise, tuko mu maji!" Laurence alicheka akajishika tumbo. Narcisse naye alicheka, ila moyo wake ulishuka. Walipopanda kuelekea Busasamana, kioo kilibaki cheupe, na alama ya gari ikasonga peke yake kwenye weupe ule.

Barabara ilipokwisha, Laurence alikiweka kile kidogo juu ya boneti kipate kuona mbingu, akahifadhi mahali pa gari. "Leo twende wote," alisema.

Narcisse alisita. Wakati wa vita aliwahi kuacha gari moja Masisi, akalikuta limebaki mabati matupu. Alizunguka milango, akaifunga, akamfuata.

Kwenye mianzi kifaa kilikuwa bubu. Kwenye uwazi kikazinduka. Wakati wa kurudi, mshale uliwaelekeza moja kwa moja kwenye korongo, ikabidi wazunguke. Na kiliposema wamefika, gari lilikuwa bado chini kule, nyuma ya mikaratusi.

"Inadanganya," alisema Narcisse.

"Inakosea kidogo. Lakini hata mu ukungu, kutoka hapa ningesikia vile unakohoa."

Walilifikia gari, wakateremka nalo. Karibu na Mahoko, Narcisse akasema, macho yakiwa barabarani, "Mi nilitaka ile kubwa juu ya aibu. Sitaki kuuliza njia. Wananiangalia kama mwizi."

Laurence hakucheka. "Mi nilizania ni kiburi ya chauffeur wa zamani."

"Hapana, binti yangu." Akavuta pumzi. "Bon. Tuchukue ile kidogo."

Kifaa kipya kilipofika, Narcisse alikifunga kwenye dashibodi kwa ukanda wa mpira wa tairi, na kila mwisho wa barabara Laurence alikichomoa. Jambo moja Narcisse hakulitarajia: bado aliuliza njia. Ila sasa, akijua kwa ule mshale kwamba chemchemi waliyokwisha kuihifadhi iko ng'ambo ya kilima kile, aliuliza bila jasho. Alizima injini, akashuka, akasalimia kwanza.

Ndivyo alivyomkuta Saidati, mama aliyekuwa akipalilia viazi kando ya njia. Mama huyo alimcheka Kinyarwanda chake waziwazi, akamwambia daraja la mbele limechukuliwa na mvua, azungukie shuleni. Kisha akaegemea jembe.

"Wewe ni wa kwa nani?"

Tangu arudi hakuna aliyemuuliza hivyo kwa upole. Narcisse alimtaja babu yake, Sebagabo, aliyehamia Masisi zamani za Wabelgiji.

Saidati alifikiri sana. "Simjui," alisema. "Waulize wale wa juu, pale shuleni."

Narcisse aligeuza gari. Alipofika shuleni, njia aliiona mwenyewe mbele yake, lakini alisimama, akazima injini, akashuka kumuulizia Sebagabo.