Sauti kutoka Mwezini, Sauti kutoka Bule

Mimi siiamini audio yoyote mpaka nijue nani anasema, amesimama wapi, na nini kinasikika nyuma yake. Hapa Bunia hatukuzaliwa hivyo, tulifundishwa. Siku moja soko zima lilifungwa kwa sababu ya mwanamume aliyelia kwenye simu kwamba washambuliaji wamevuka mto. Watu walikimbia wakaacha samaki juu ya meza, kumbe sauti ile ilikuwa ya zamani, tena ya mji mwingine kabisa. Tangu hapo, audio ikiingia, nasikiliza nyuma kwanza: mbuzi, mvua, watoto, kinu. Maneno yatafuata.

Shemeji yangu, anayefundisha fizikia kwenye shule ya sekondari, hana ugonjwa huo. Jumapili moja baada ya ibada alifika kwetu amejaa siri usoni. Mama alikuwa uani akichambua sombe, majani ya muhogo. Mzigo wake ulikuwa umeshafungwa, maana Jumanne alikuwa anapanda lori kurudi Bule, kwetu, tulikokimbia vita. Jirani wetu wa zamani alikuwa amemtumia audio kwamba yuko kule, kumetulia, watu wanalima. Nilikuwa nimeisikia mara moja tu, mbiombio, na sauti ilikuwa ya jirani kweli. Safari ile sikuipenda hata kidogo, ila nilikuwa nimeikubali.

"Sikiliza hii," shemeji akasema. "Ni ba-astronoti, kule mwezini kabisa."

Mikwaruzo ya redio, Wazungu wawili wakipokezana kwa Kiingereza, na juu yao sauti nzito ikitafsiri kwa Kifaransa: kuna vyombo vikubwa, si vyetu, vimejipanga ukingoni mwa shimo, vinatutazama. Kutoka duniani wakajibiwa wanyamaze.

"Nani alikamata hii?" nikauliza.

"Mutu mumoja wa antene. Serikali ilifichaka, yeye akaipata."

"Jina yake?"

"Weye nawe! Kama ni siri, atataja jina?"

"Na mutu anaona adui mbele yake, anamutangaza kwa redio yenye kila mutu anasikiaka? Siye kwetu, ukiona batu na silaha, unanyamaza, unajificha."

"Beko mwezini. Batajificha wapi?"

Hapo alinipata kidogo, naye akaona. Nikamwambia airudishe, nikaweka simu sikioni. Katikati ya maneno ya mwanaanga, jogoo akawika. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

"Kumbe kule mwezini banafuga kuku!"

"Hiyo ni ya copie," shemeji akasema, amenuna. "Audio ilikataa kwenda, mutu akaipigisha kwa telefone moja, akaikamata na ingine, inje ya nyumba yake. Jogoo haiharibu maneno ya batu."

Hoja yake ilikuwa nzuri, na ndiyo maana ilinikera. Jogoo alionyesha tu kwamba mkono wa mtu umepita katikati. Lakini mkono ukishapita, nani anajua umegusa nini kingine?

Mama hakuinua macho. "Bale batu, balirudia kwabo?"

"Balirudi, mama," shemeji akajibu. "Bote."

"Basi. Muache zogo."

Lakini shemeji alikuwa ameumia. Akanigeukia. "Kama yangu ni uongo, sikiliza na ya mama vilevile. Ama weye unachaguaka?"

"Achana na yangu," mama akasema upesi.

Upesi mno. Nikaichukua simu yake pale kitini. Jirani akasalimia, akasema yuko Bule, kumetulia, ni wakati wa kupanda maharagwe. Nyuma yake hapakuwa na mbuzi wala kinu. Kisha mtu akakohoa, kikohozi kikavu, akasafisha koo. Kikohozi kile ni cha mama; nalala nacho chumba kimoja tangu tukimbie. Shemeji aliinamisha uso. Alikuwa amekitambua vilevile.

Mama aliendelea kuchambua majani. "Jirani iko hapa Bunia, kwa kambi ya ba-deplase, batu benye balikimbia vita," alisema. "Ni miye njo nilimuomba aseme vile."

"Sababu gani, mama?"

"Kila siku ninakuambia ninataka kwetu. Unanikatalia. Nikasema, pengine telefone utaisikia."

Nilikasirika, nikaogopa, nikataka kulia, vyote kwa pamoja. Nikamwambia haendi popote. Mzigo wake niliufungua kwa mikono yangu mwenyewe, na ndani nikakuta mbegu za maharagwe na jembe lisilo na mpini. Jumanne lori liliondoka bila yeye.

Mama yuko hapa, mzima, na watu wananiambia nilifanya vizuri. Wakati mwingine namuuliza shamba letu lilianzia wapi na kuishia wapi, ili angalau sisi watoto tujue. Ananiambia amesahau.